Msaada wa serikali kwenye ng'ombe wa maziwa: mfugaji mdogo anaupata wapi kiukweli?

Kijana_wa_Tukuyu

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Niende kwenye pointi. Niko Rungwe huku, nina kama eka moja ukitoa migomba, matete yapo pembezoni mwa shamba na kwenye mteremko wa mtoni, na mama anafuga chotara mmoja anayetoa lita saba kwa siku akiwa ameamka vizuri. Tupo vijana watano tumeunda kikundi, cheti cha usajili tunacho, tunataka tuombe ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 (ile asilimia ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vikundi), kila mmoja apate mtamba wake (jike ambalo bado halijazaa) tuanze kupeleka maziwa kituoni.

Sasa kinachonichanganya ni hiki, kila siku kwenye redio nasikia serikali imeleta ruzuku ya chanjo, imeleta mbegu za uhimilishaji (kupandisha ng'ombe kwa mrija bila dume), mashamba ya serikali yanazalisha mitamba, sijui vijana wa BBT, ule mpango wa serikali wa vijana kwenye kilimo na ufugaji, wananenepesha ng'ombe, benki ya kilimo inakopesha, yaani ukisikiliza unaona ni kwenda tu kuchukua. Ukifika kwa afisa mifugo wa kata unaambiwa subiri, ukirudi unaambiwa bajeti. Hivi hivi vitu vipo kweli au ni vya kwenye majukwaa? Kama vipo nianzie mlango gani? Na mtamba nichukue Kitulo maana ndo karibu na sisi au nitafute kwa watu? Mwenye uzoefu anisaidie, msinitukane tafadhali.

Pumba_Bei_Juu

Kitu cha kwanza dogo zima redio.

Nchi ina ng'ombe milioni 33 na ushee kwa sensa ya kilimo ya 2019/20, halafu ingia dukani angalia maziwa ya unga yaliyopangwa kwenye rafu yametoka wapi. Hapo ndo utajua msaada uko wapi. Pumba inapanda kila mahindi yakiadimika, mashudu ya alizeti ndo usiseme, bei ya maziwa wanapanga wao wenye matanki, wewe kazi yako kuamka saa kumi usiku. Maafisa ugani wamepewa pikipiki sawa, mafuta je? Mkono mtupu haulambwi, ukimwita akupandishie ng'ombe anza kwanza kumjazia tenki. Nunua ng'ombe kwa hela yako, fuga, achana na hao watu.

Mstaafu_wa_Josho

Marahaba kijana. Mimi nimekaa ugani muda mrefu, sasa nimestaafu nina ng'ombe wangu wachache kwahiyo naongea nikiwa nimeona pande zote mbili. Huyo aliyetangulia ana hasira na nyingi ni za haki, ila kwenye kuzima redio anakupoteza, maana vitu anavyovidharau ndo hivyo hivyo anavitumia, mwulize mbegu anayopandishia inatoka wapi.

Elewa jambo moja, serikali yetu haigawi ng'ombe. Ukimwona mtu kapewa ng'ombe bure basi nyuma yake kuna mradi wa shirika au mbunge anatafuta kura. Msaada wa serikali uko kwenye vitu vinavyomzunguka ng'ombe, yaani mbegu, chanjo, malisho na utaalam, na kwa mfugaji mdogo hivyo vina thamani kuliko ng'ombe mwenyewe kwa sababu ng'ombe bila hivyo utamzika.

Mbegu. Kuna kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, Arusha, wanaita NAIC. Pale ndo wanakaa madume wa Friesian, Ayrshire, Jersey, Boran na Mpwapwa, mbegu zinavunwa zinagandishwa zinasambazwa kwenye vituo vya kanda, na ninyi wa Nyanda za Juu mna kituo chenu Mbeya. Dozi yenyewe ni bei ndogo. Gharama inayokuumiza ni usafiri wa mtaalam na ile naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali ya kwenye mtungi, ikikauka mtungini mbegu zote zimekufa hata kama kwa macho ziko vilevile. Kwahiyo mtaalam akija usimwulize tu mbegu ya dume gani, mwulize mtungi kaujaza lini na umwone akichovya kijiti kupima kina. Wengi wanapandishiwa mbegu mfu halafu wanasema ng'ombe wao mgumba.

Chanjo, hapa nisikilize vizuri maana watu wengi wanachanganya. Ile kampeni ya kitaifa aliyozindua Rais Samia pale Bariadi mwezi Juni 2025, ya bilioni 216 kwa miaka mitano, kwa upande wa ng'ombe ni chanjo ya homa ya mapafu, serikali inabeba nusu ya gharama na mfugaji nusu, kuku wanachanjwa bure, na ng'ombe anavalishwa hereni ya utambuzi. Ni jambo zuri. Lakini kwa mfugaji wa maziwa huko Rungwe adui wako namba moja ni NDIGANA KALI, ugonjwa unaoletwa na kupe, na hiyo haimo humo. Chanjo yake ipo, inachomwa mara moja tu kwenye maisha ya ng'ombe, ila unalipia mwenyewe. Usije ukaona hereni sikioni ukadhani ng'ombe kakingwa na kila kitu.

Kitulo sasa. Shamba lile liko Makete kule juu kwenye baridi, ni la serikali kweli na mitamba wanauza, ila kuna foleni, unaandika barua mapema, hufiki tu na hela mkononi ukachagua. Wanyama wao ni Friesian waliokaribia damu kamili. Kwa Tukuyu hali ya hewa itamfaa, ningekwambia Kyela ningekukataza kabisa, joto la kule litamkausha maziwa. Tatizo la ng'ombe wa juu ni kwamba kupe huko ni wachache, hajawahi kukutana na ndigana, ukimshusha kwenye majani yenye kupe bila kumchanja anakufa ndani ya wiki tatu na wewe bado una picha zake za kumpokea kwenye simu. Pia anakula sana. Kama eka yako hiyo moja matete yako pembezoni tu basi hujawa na chakula cha Friesian. Ng'ombe mkubwa anamaliza kilo 60 mpaka 70 za matete mabichi kwa siku, piga hesabu ya mwaka ni zaidi ya tani 20, eka nzima iliyotiwa samadi vizuri ndo inamtosha mmoja na kidogo.

Anza na malisho kabla hujaomba mkopo. Nenda TALIRI Uyole, ile taasisi ya utafiti wa mifugo, si mbali na wewe, omba vipando vya matete bora na mbegu za malisho, ongea nao juu ya desmodiamu, lile jani la jamii ya kunde, ya kupanda katikati ya matete. Hapo huambiwi subiri bajeti, unaondoka na mzigo kwenye bodaboda.

MamaNdama_Muheza

Mwanangu hujambo. Mzee hapo juu amemaliza upande wa utaalam, mimi niongezee upande wa kumpata huyo ng'ombe, maana hukuuliza juu ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe.

Huku Tanga wengi wetu ndo tulivyoanza. Unapewa mtamba kupitia mradi au kikundi, kabla hujapewa lazima banda liwe limejengwa, sakafu imewekwa, majani yamepandwa yameshika, na wanakuja kukagua kweli, wanapima na hori. Halafu deni unalipa kwa ndama jike wa kwanza, anapewa mwenzako anayefuata kwenye foleni. Uzuri wake ni kwamba hudaiwi hela ng'ombe akiwa mkavu, unadaiwa ndama na ndama anakuja wakati wake. Ubaya wake sasa, waswahili walishasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Nina jirani ng'ombe wake alizaa madume mfululizo, deni haliishi, mwenzake anayesubiri keshaanza kumnunia msibani. Siku hizi zipo mbegu zilizochaguliwa jinsia, ni ghali zaidi lakini kwa mwenye deni la ndama jike ningesema aingie hiyo gharama. Nyinyi mko watano, mnaweza kuanza na mitamba wawili walio bora badala ya watano wa kubahatisha, majike yanayozaliwa yanazunguka kwa waliobaki. Ni hiyo hiyo kopa ng'ombe lipa ng'ombe ila mnaifanya wenyewe.

Lingine ni soko. Huku sisi vyama vya wafugaji ndo vinavyoshika vituo vya kukusanyia na vina chama chao kikuu, kwahiyo mkienda kuzungumza bei na kiwanda mnaenda watu wengi. Je huko kituo unachotaka kupeleka ni cha nani? Kina tanki la kupoza au ni ndoo tu na pikipiki? Umeme ukikatika wana jenereta? Mimi maziwa ya jioni yalishawahi kukataliwa kituo kimoja ambacho tanki lilikuwa limezimwa tangu mchana, wakasema yangu ndo yameharibika. Ukienda pale usiulize bei peke yake, kaa asubuhi moja uangalie wanavyopima. Wakitumia laktomita (ya kujua kama yametiwa maji) na ile spiriti (ya kujua kama yameanza kuchacha) kwa kila dumu ni kituo cha watu makini, na wewe siku ukirudishiwa utajua kwanini. Wakionja kwa ulimi na kunusa basi ujue siku maziwa yakiwa mengi watatafuta sababu.

Na usikamue ng'ombe aliyechomwa sindano ukapeleka kituoni, subirini siku alizoandika daktari. Wakikukamata wewe watakataa maziwa ya kikundi kizima.

Ngosha_Mabuki

Nyie wa kwenye baridi mnaongea kama ng'ombe wa maziwa ni wa milimani tu. Huku kwetu Misungwi kuna shamba la serikali Mabuki, ukipata mtamba chotara wa Boran pale ni mnyama anayevumilia jua na njaa ya mwezi wa tisa, lita nane tisa anatoa bila kukuletea pressure. Watu wanakimbilia damu kamili kwa sababu ya picha za kiwele. Mimi nina kundi la kienyeji la marehemu mzee, nilichofanya nimepandisha wale majike wazuri kwa mbegu ile kampeni ya uhimilishaji ilipopita kijijini, wanawachoma homoni wanakuja joto kwa pamoja, mtaalam anapandisha siku moja wengi. Sio wote walioshika, lakini walioshika nimepata ndama ambao nisingeweza kununua. Kwahiyo kwa mwenye ng'ombe tayari msaada wa serikali ndo huo, usiuze jike la kienyeji ukanunue gari la deni.

Ila Pumba_Bei_Juu namuunga mkono kwenye josho. Kampeni ya kuogesha ilianza kwa mbwembwe mwisho wa 2018 enzi za waziri wa mifugo Mpina, dawa ya ruzuku ikaja, bei ikawekwa shilingi 50 ng'ombe mmoja, watu wakaogesha vizuri. Baadae dawa ikawa inachelewa, josho linabaki na maji ya kijani mpaka vyura wanazaliana, kila mtu anarudi kwenye pampu yake ya mgongoni na kuchanganya dawa kwa kukadiria kwa kifuniko. Ukichanganya nyepesi unafundisha kupe kuzoea dawa. Serikali inajua kuzindua. Kuendeleza ndo inatushinda sote, na wanakijiji tulitakiwa tuwe na mfuko wa josho wenyewe ile hela ya 50 inunue dawa inayofuata, ikaishia kusikojulikana.

Kijana_wa_Tukuyu

Daah asanteni sana wakubwa, nimejifunza mengi kuliko mwaka mzima wa kuzungushwa. Mama nimekuelewa kuhusu wawili badala ya watano, nitawaambia wenzangu ingawa najua mmoja atagoma. Kituo nilichokuwa nawaza ni cha ndoo na pikipiki, kumbe lazima nikichunguze.

Swali kwa mzee na wengine, ile mikopo ya halmashauri haina riba, sasa si bora niichukue hata kama malisho bado, maana walisimamisha 2023 ikarudi 2024, naogopa wataisimamisha tena nikabaki naangalia. Na marejesho yanaanza lini ukishachukua?

LitaKumi

Kutokuwa na riba ndo kunakowadanganya watu. Mimi ni mhasibu wa kikundi cha akina mama, tulikopa hiyo ya asilimia 10 kwenye lile fungu la wanawake (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), na nakwambia tatizo halikuwa riba, ni KALENDA. Halmashauri inahesabu miezi, ng'ombe anahesabu mimba, na hizo kalenda hazijuani.

Fuatana na mimi. Ukinunua mtamba ambaye hajapandishwa, anapandishwa akifikisha uzito, mimba ni miezi tisa, hapo hujapata hata kikombe cha chai na deni limeshaanza. Kwahiyo nunua mwenye mimba inayoshikika kwa mkono, umpeleke mtaalam akapime mwenyewe, usikubali cheti cha maneno cha muuzaji. Hata huyo wa mimba ya miezi mitano una miezi minne ya kulisha bila kuuza.

Sasa amezaa. Tuseme bei yake ilikuwa milioni 3 na mnarejesha kwa miezi 24, ni 125,000 kila mwezi. Tuseme anatoa lita 12, na hiyo ni ukimlisha, sio kwa kuomba Mungu. Ndama anakunywa lita 4 miezi ya mwanzo, nyumbani mnabakiza lita moja, unauza 7. Kwa 1,000 ya kituoni ni 210,000 kwa mwezi. Matete mazuri peke yake yanambeba mpaka lita kama sita, zile sita za juu zinataka pumba na mashudu, kama kilo moja kwa kila lita mbili, kwahiyo kilo 3 kwa siku, weka 800 kwa kilo, mwezi 72,000. Ongeza 15,000 ya chumvi ya madini na dawa ya kupe. Unabaki na 123,000. Rejesho ni 125,000. Umeona? Umefanya kazi mwezi mzima unadaiwa elfu mbili, na sijaweka dawa ya ugonjwa wa kiwele wala kijana wa kukata majani.

Ndama akiacha kunyonya unauza zaidi ila na maziwa nayo yameanza kushuka, unapumua kidogo. Halafu miezi miwili kabla ya kuzaa tena lazima umkaushe, mapato sifuri. Wenye tamaa hawakaushi ili walipe deni, ng'ombe anazaa ndama dhaifu na maziwa ya mwaka unaofuata yanakuwa nusu.

Sisi tulichofanya tulienda kwa afisa maendeleo ya jamii na andiko lenye hesabu hizi hizi kabla ya kusaini, tukaomba muda wa kuanza kurejesha uandikwe kulingana na tarehe ng'ombe wanatarajiwa kuzaa. Wakasikiliza kwa sababu tulikuwa na namba. Kikundi kilichokuwa nyuma yetu kilikuwa na andiko la kunakili la ufugaji wa kuku wakabadilisha jina tu kuwa ng'ombe, mle ndani bado imeandikwa trei za mayai, hao walipigwa kalenda ya kawaida. Marejesho yanaanza lini basi? Yanaanza pale mkataba wako unaposema, kwahiyo pigania hapo kabla hujatia dole gumba.

Kuhusu Benki ya Maendeleo ya Kilimo ile TADB, usiende kama Juma peke yako. Wanapendelea kupitia ushirika na kwa mfugaji ambaye tayari maziwa yake yanaingia kituoni yanaandikwa, rejesho linakatwa kwenye maziwa. Kwahiyo hata yale ya mama yako lita saba anza kuyapeleka kwa jina la kikundi, daftari la kituo ndo dhamana yako ya baadae.

Pumba_Bei_Juu

LitaKumi umeongea kitu, mimi hizo hesabu nazijua kwa maumivu tu sikuwa nazo kwenye karatasi. Ila mbona hukuweka masika? Masika majani mengi kila mtu anakamua, kituo kinashusha bei au kinakwambia leo tunapokea asubuhi tu. Hiyo elfu moja weka mia nane uone. Kiangazi bei inapanda na ng'ombe hana majani. Na Wizara kila Wiki ya Maziwa wanatukumbusha kwamba Mtanzania anakunywa lita sitini na kitu kwa mwaka badala ya 200, sasa kama watu hawanywi mimi nizalishe nimpe nani.

LitaKumi

Ndio maana nimesema hesabu ya 1,000 ni ya tabasamu. Masika usipigane na kituo, ongeza maziwa ya mgando uuze mwenyewe mtaani, lakini chemsha kwanza na usiuze kienyeji enyeji, Bodi ya Maziwa wanasajili wauzaji, kikundi kikisajiliwa hata shule na hoteli zinakubali kuandikiana. Na masika hiyo hiyo ndo ya kukata majani ya ziada na kusindika kwenye mashimo au mifuko ya nailoni, ukanyage hewa yote itoke. Ukiacha matete yarefuke mpaka yawe fimbo unakuwa umehifadhi kuni.

MamaNdama_Muheza

Masika yetu huku tunaanzia shuleni, mwalimu mkuu mmoja akikubali lita ishirini kwa siku umemaliza nusu ya mawazo. Ila shule zikifunga uwe na pa kupeleka.

Mstaafu_wa_Josho

Kijana, juu ya hofu ya mikopo kusimama tena. Panda matete wiki hii mvua ikiwepo, kwa hali ya hewa ya Tukuyu miezi mitatu minne unakata mkato wa kwanza, na mchakato wa mkopo wenyewe na vikao vya kata mpaka halmashauri hautakuwa umeisha, kwahiyo hupotezi kitu. Kata yakiwa usawa wa kiuno, usisubiri.

Halafu hiyo chanjo ya ndigana kali nilisahau kukwambia inavyofanya kazi maana ndo itakayowafaidi kama kikundi. Inatengenezwa Lilongwe kule Malawi, inasafirishwa ndani ya naitrojeni kama mbegu. Kipimo kimoja kikishayeyushwa kinachanganywa kinatosha ng'ombe kama 30 hadi 40 na lazima kitumike ndani ya saa chache, hakirudishwi kwenye mtungi. Mtaalam hawezi kukufungulia kwa ajili ya mtamba mmoja, ndo maana ukimpigia simu anakwambia subiri, sio mara zote ni uvivu. Nyie watano zungukeni kijiji na daftari, andikeni majina na idadi ya ng'ombe na ndama wa mwezi mmoja kwenda juu, kila mtu aweke hela yake kwa mweka hazina, mkifika thelathini na kitu mpigie daktari wa wilaya mwambie ng'ombe wako tayari, kamba zipo na kreti ya kubania ipo. Atakuja. Siku hiyo kila mnyama anachomwa na ile antibiotiki ya muda mrefu ya oksitetra kwa wakati mmoja, kwahiyo lazima apimwe uzito kwa ile tepu ya kifuani, msikubali akadirie kwa macho maana hapo ndo ndama wanapokufa watu wanalaumu chanjo.

Na mtamba mpya akija amechanjwa kule alikotoka, omba cheti na uangalie namba ya hereni kama inafanana na iliyo kwenye kibali cha kusafirishia. Namba zikitofautiana usimshushe kwenye gari.

Kijana_wa_Tukuyu

Nimeandika yote mzee. Kwenye daftari kuna jirani mmoja ana ng'ombe kumi na moja peke yake ila huwa hatuongei na yeye kwa sababu ya mpaka wa shamba, sasa naona itabidi niende mimi mwenyewe jioni hii.

Ngosha_Mabuki

Nenda. Kumi na moja ni theluthi ya kipimo hiyo.